Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kudhibiti magonjwa ya mlipuko: taarifa zetu zinapanda, majibu hayashuki

Kwa viongozi na wataalamu mliopewa dhamana ya kufuatilia na kudhibiti magonjwa ya mlipuko,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: TAARIFA ZA MAGONJWA KUTORUDI KWA WANAOZITOA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi mstaafu wa mkoa wa Kagera. Nimefanya kazi miaka 31, mingi kati ya hiyo kwenye zahanati za vijijini, ambako muuguzi ndiye anayepokea mgonjwa, ndiye anayempima, ndiye anayegawa dawa, na jioni ndiye anayefagia. Utaratibu wa serikali naujua na nimeufuata. Barua ya kwanza kuhusu jambo hili niliiandika nikiwa bado kazini, nikaipitisha kwa mkubwa wangu wa kazi kama inavyotakiwa. Ya pili niliipeleka kwa mkono baada ya kustaafu, na nakala yangu ikagongwa muhuri wa "IMEPOKELEWA" na tarehe. Nakala hiyo ninayo kabatini. Jibu sijapata hadi leo. Ofisi hizo sitazitaja, kwa kuwa sikusudii kumchongea mtu, na waliokuwa wamekalia viti vile wakati ule wengine wamehamishwa, wengine wamestaafu kama mimi. Ndiyo maana safari hii naandika hadharani.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajawahi kukaa upande wa ndani wa dirisha la zahanati, nieleze kwanza namna taarifa inavyosafiri. Mgonjwa anafika na homa. Anaandikwa kwenye kitabu cha MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya: jina, umri, kijiji anakotoka, dalili, kipimo, matibabu. Yapo magonjwa tunayoyajumlisha na kuyatuma kila wiki, na yapo ambayo ukiyahisi tu hutakiwi kusubiri wiki iishe: kipindupindu, kimeta, surua, homa za virusi zinazosababisha kutokwa na damu. Kwa hayo unapiga simu wilayani siku hiyohiyo, wilaya inaarifu mkoa, mkoa unaarifu taifa. Huo ndio mfumo jumuishi wa ufuatiliaji wa magonjwa ambao nchi za Afrika zilikubaliana mwaka 1998, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia. Siku hizi taarifa nyingi zinatumwa kwa simu ya mkononi, na mwananchi wa kawaida naye anaweza kupiga 199. Juu ya hayo zipo Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zinazoitaka nchi iliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio linaloweza kuvuka mipaka.

Mfumo huu nimeufundisha kwa vijana wengi, na nausifu kwa dhati. Kupanda, taarifa inapanda vizuri. Ninacholalamikia ni safari ya kurudi.

HOJA YA KWANZA: Majibu hayarudi kule sampuli ilikotoka

Mwaka mmoja, mvua za vuli zikiwa zimeshika, tulipokea watu watatu wa kaya moja ndani ya siku tano. Homa kali, kutapika, macho mekundu. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi kwa wote. Wa kwanza, binti wa miaka tisa, alifariki siku ya pili. Nikapiga simu. Nawapa haki yao waliopokea simu ile: walifika kesho yake mchana, wakiwa wamelowa matope hadi magotini. Wakatoa damu kwa wale wawili waliobaki, chupa zikafungwa tabaka juu ya tabaka kama tulivyofundishwa, zikawekwa kwenye boksi la kubebea chanjo, maana boksi la sampuli halikuwepo. Boksi likafungwa kwa mpira wa baiskeli nyuma ya pikipiki. Nilisimama barabarani nikalitazama mpaka likapotea kwenye migomba.

Kwenye kitabu niliandika kwa kalamu nyekundu: "Sampuli imepelekwa, majibu bado."

Wagonjwa wale wawili walipona, namshukuru Mungu. Wiki iliyofuata mama yao alikuja zahanati. "Sista, majibu yamerudi?" Nikamwambia bado. Mwezi uliofuata akaja tena, siku ya kliniki, amembeba mtoto wake wa mwisho mgongoni. "Sista, majibu?" Hakuwa ananilaumu. Alitaka kujua kama godoro alilofia binti yake alichome au alianike, na kama watoto waliobaki waendelee kulala juu yake, kwa kuwa hakuwa na lingine. Mimi, mwenye cheti cha uuguzi na miaka zaidi ya 20 kazini, sikuwa na la kumwambia. Nilipiga simu mara nne kuulizia. Niliambiwa sampuli "zilipelekwa juu". Siku ninakabidhi vitabu ili nistaafu, yale maandishi mekundu yalikuwa bado vilevile.

Waheshimiwa, naomba mlielewe jambo hili kama tunavyolielewa sisi. Mtu akipiga simu mara tatu bila kurudishiwa neno, ya nne haipigi. Baada ya tukio lile tulipata tena wagonjwa wenye dalili za kutia shaka, na kijana niliyekuwa nafanya naye kazi, mchapakazi kweli, akaniuliza, "Sista, tupige simu ya nini?" Nilimkemea, tukapiga. Lakini ni zahanati ngapi nchini ambako hakuna mzee wa kukemea? Mnapokaa kwenye vikao mkaona wilaya fulani haijaleta taarifa yoyote ya kutia shaka kwa miezi, msidhani wilaya hiyo ni salama. Inawezekana watu wake wamechoka kusema peke yao.

Na kijijini pengo la jibu halikai wazi. Sisi wa Kagera tuliwahi kulipia somo hilo. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani kwetu. Kabla watu hawajapata maelezo ya kitaalamu, ugonjwa ulikuwa na jina la mtaani, "Juliana", jina la nguo iliyokuwa ikiletwa kwa magendo, na wengine waliamini ni uchawi wa kulipiziana deni la biashara. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Waliona vijana wao wanakwisha, wakauliza, hawakujibiwa, wakajijibu.

HOJA YA PILI: "Bado hatujui" imegeuzwa kuwa "hakuna"

Hapa nalinganisha matukio mawili ya mkoa wangu yaliyokwisha kutangazwa rasmi, ili msione nawasema bila kuwapa sifa mnazostahili.

Tarehe 16 Machi 2023, Mganga Mkuu wa Serikali alisimama mbele ya taifa akasema kuna ugonjwa usiojulikana Bukoba Vijijini, katika vijiji vya Bulinda na Butayaibega kwenye kata za Maruku na Kanyangereko, kwamba watu saba wameugua na watano kati yao wamefariki. Jina la ugonjwa hakuwa nalo na hakulibuni. Siku tano baadaye, tarehe 21 Machi, Waziri wa Afya wa wakati huo alitangaza kwamba maabara yetu wenyewe imethibitisha ni virusi vya Marburg, vya jamii moja na Ebola. Ulikuwa mlipuko wa kwanza wa Marburg kuthibitishwa Tanzania. Mwisho wa hesabu walikuwa wagonjwa tisa, sita wakafariki, na mmoja wa waliofariki alikuwa mtumishi mwenzetu wa afya. Tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha.

Zile siku tano nazikumbuka vizuri. Hatukujua adui ni nani, lakini tulishaambiwa yupo. Ndoo za maji ya kunawa zilitokea kwenye milango ya makanisa na misikiti kabla ya jina la ugonjwa kufika. Kwenye misiba watu waliacha kukumbatiana, na kwa sisi tunaojua msiba wa Kihaya, si jambo dogo mtu kukaa mbali na mfiwa. Watu walivumilia kutojua kwa sababu waliambiwa ukweli kwamba wakubwa nao hawajui.

Sasa wilaya ya Biharamulo. Kwa maelezo yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani baada ya uchunguzi, mgonjwa wa kwanza kufahamika alianza kuugua tarehe 9 Desemba 2024 na akafariki tarehe 16 ya mwezi huohuo. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika hilo likatoa taarifa ya wahisiwa tisa, wanane kati yao wakiwa wamefariki. Wiki hiyohiyo upande wetu ukatolewa ufafanuzi kwamba vipimo vya wahisiwa havikuonyesha Marburg. Kisha tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba ugonjwa upo: mgonjwa mmoja amethibitishwa kwenye maabara ya Kabaile huku Kagera na baadaye Dar es Salaam. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliohesabiwa kuwa yaelekea walikuwa nao. Wote 10 wamefariki. Wale wanane walikwisha kufariki kabla mlipuko haujathibitishwa.

Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani. Kutoka tarehe 9 Desemba hadi tarehe 20 Januari ni siku 42. Wataalamu wanajua namba hiyo. Ni siku 21 za virusi kuweza kujificha mwilini, zidisha mara mbili, na ndizo siku tunazongojea bila mgonjwa mpya ndipo tuseme mlipuko umekwisha. Muda unaotosha kuuzika mlipuko, huu uliutumia kutembea bila kutangazwa.

Na siku hizo 42 zilikuwa zipi? Zilikuwa Krismasi na Mwaka Mpya. Kila mtu wa Kagera anajua Desemba ni mwezi gani kwetu: mabasi yanashusha watoto waliotoka Dar es Salaam, Mwanza na Arusha, ndugu wanalala watano chumba kimoja, bibi anasalimiwa kwa kukumbatiwa na kila mjukuu. Biharamulo yenyewe iko njia panda. Pale Lusahunga malori ya Rwanda, Burundi na Kongo hupita usiku na mchana. Kwamba ugonjwa haukusambaa kote huko ni rehema za Mungu na jasho la wafanyakazi waliokuwa mstari wa mbele. Rehema hatuwezi kuiweka kwenye mpango kazi.

Sitaki kumsingizia mtu. Inawezekana kabisa kwamba siku ufafanuzi ule unatolewa, sampuli zilizokuwa zimepimwa zilikuwa hasi kweli. Lakini muuguzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa kwamba kipimo hasi cha leo hakifuti ugonjwa wa kesho, hasa pale waliokufa walizikwa bila kupimwa. Neno sahihi lilikuwepo na ni fupi: bado. "Bado tunachunguza, mwenye homa na kutapika aende kituoni, maiti asiguswe mpaka mje mtuite." Neno hilo lilisemwa Machi 2023 na likaokoa watu. Kwa nini Januari 2025 lilikosekana?

Nasikitika kukumbusha kwamba si mara ya kwanza. Tarehe 29 Aprili 2020 tulitangaziwa wagonjwa 509 wa korona na vifo 21, kisha takwimu zikanyamaza kwa zaidi ya mwaka. Tuliokuwa wodini tulijifunza kusema "changamoto ya upumuaji". Nimewafunga macho watu waliokufa kwa changamoto ya upumuaji. Ndugu zao waliuliza, "Ni ile?" Tukatazama chini. Mwaka 2021 serikali ilibadili mwelekeo, Rais mwenyewe akachanjwa hadharani tarehe 28 Julai, na nilishangilia kama wengine. Nilidhani tumeaga kutazama chini.

HOJA YA TATU: Macho ya mfumo hayana glovu

Wa kwanza kabisa kuuona mlipuko ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wenyeviti wa vitongoji. Ndio wanaojua kwamba nyumba ya pili kutoka kisimani wamezika mara mbili ndani ya wiki moja. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha zaidi ya wahudumu 137,000 kwa miaka mitano, na ninauunga mkono kwa moyo wote. Naomba tu posho yao ilipwe kwa wakati, wapewe vocha ya simu, na wasitumwe kufuatilia waliotangamana na mgonjwa wakiwa mikono mitupu. Nimewahi kumgawia mhudumu jozi moja ya glovu kati ya jozi mbili nilizokuwa nazo, akaenda kuangalia nyumba iliyokuwa na wagonjwa wanne.

HOJA YA NNE: Anayeona anaogopa, anayetangaza hayuko huru

Mtumishi wa umma hasemi na waandishi wa habari, na nakubali pawe na msemaji mmoja. Lakini utaratibu huo umegeuka hofu hata ndani ya mfumo wenyewe. Mganga mfawidhi anahisi kitu, anawaza: nikipiga kelele ikaja kuonekana ni malaria, nitaitwa mzushi, nitaambiwa nimechafua jina la wilaya. Anasubiri mgonjwa wa pili. Wa pili akija, anasubiri wa tatu.

Julai 2014, mjini Lagos, Dkt. Ameyo Stella Adadevoh alimzuia hospitalini msafiri aliyetoka Liberia akiwa anaugua, licha ya shinikizo kubwa la kutaka aachiwe. Ilikuwa Ebola. Nigeria, yenye jiji la mamilioni ya watu, ilimaliza mlipuko ule na wagonjwa 20 na vifo vinane. Dkt. Adadevoh alikuwa mmoja wa hao wanane. Nimewasimulia wanafunzi wangu habari zake mara nyingi, na kila mara nilijiuliza: huku kwetu, angeungwa mkono na nani?

Nigeria haikuishia kumsifu marehemu. Kituo chao cha taifa cha kudhibiti magonjwa kilipewa sheria yake mwaka 2018, na kwa ugonjwa kama homa ya Lassa kinachapisha taarifa ya kila wiki: jimbo gani, wahisiwa wangapi, waliothibitishwa wangapi, waliofariki wangapi. Mtu yeyote anaisoma. Majirani zetu Rwanda, walipotangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024, walikuwa wakitoa namba kila siku, huku wengi wa wagonjwa wao wakiwa watumishi wa afya. Walimaliza na wagonjwa 66 na vifo 15, na tarehe 20 Desemba wakatangaza umekwisha. Najua hospitali za Kigali si zahanati za Biharamulo, na dawa na wataalamu walikuwa nao karibu. Lakini mgonjwa hafiki hospitali mapema kama hajui kuna cha kukimbilia. Hicho walikitoa kwa kutangaza.

Kwetu, uamuzi wa kusema "kuna ugonjwa" bado unapita kwenye meza za siasa kabla ya kufika kwenye kipaza sauti. Mtaalamu aliyesoma majibu ya maabara hawezi kuyasema mpaka apate baraka. Waziri yeyote, hata awe mwema kiasi gani, ana mambo mengine mezani: bajeti, uchaguzi, wawekezaji. Huo mzigo hapaswi kuachiwa.

MAJIBU NINAYOYATARAJIA

Nimekaa serikalini muda wa kutosha kujua nitakachoambiwa, kwa hiyo nayajibu mapema.

Mtasema mnaepusha taharuki. Taharuki nimeiona kwa macho, na siku zote ilikuja na tetesi, haikuja na tangazo. Watu wa Maruku mwaka 2023 waliambiwa wenzao watano wamekufa kwa ugonjwa usio na jina. Hawakukimbia. Walinawa mikono.

Mtasema utalii na biashara vitaumia. Mnayo haki ya kulihofia hilo, maana mataifa makubwa mara nyingi yanaiadhibu nchi iliyosema ukweli kwa kuifungia mipaka, na hilo ni dhuluma. Lakini siku hizi huwezi kuficha. Tarehe 14 Januari dunia ilisoma habari za Biharamulo kabla ya mtu wa Biharamulo kuzisikia kwa viongozi wake. Tulipata hasara ya kutajwa, tukakosa faida ya kujikinga.

Mtasema lazima maabara ithibitishe kwanza. Kuthibitisha jina, ndiyo. Kutoa tahadhari hakuhitaji jina. Na tangu tupate maabara inayohamishika ya Kabaile, sampuli ya kwetu haihitaji kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam ndipo tupate fununu. Hiyo kazi mmeifanya vizuri, na ndiyo iliyomgundua mgonjwa wa Januari.

Mtasema fedha hakuna. Hili nalipokea kwa uzito, kwa sababu siku ileile ya tarehe 20 Januari 2025, Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa siku 90 na kuanza kujitoa Shirika la Afya Duniani, na miradi mingi iliyokuwa ikibeba sampuli na kulipa vijana wa takwimu ilitikisika. Lakini ujumbe mfupi wa simu unaosema "sampuli namba fulani imefika, majibu ni haya" ni bei gani? Mengi ninayoomba hapa chini yanahitaji nia kuliko fedha.

NINACHOOMBA

Kwanza kabisa, naomba iwe sharti kwamba kila sampuli inayotoka zahanati irudishiwe jibu kwa aliyeituma ndani ya muda uliopangwa na kutangazwa, hata kama jibu ni "tumeshindwa kupima, damu iliganda". Na aliyeituma apewe maneno ya kumwambia mgonjwa na familia yake. Kama mtakubali ombi moja tu katika barua hii, nakubali liwe hili.

Naomba pawe na taarifa ya kila wiki ya magonjwa ya mlipuko, kwa Kiswahili, wilaya kwa wilaya, inayobandikwa kwenye mbao za matangazo za zahanati na ofisi za kata na kusomwa redioni. Wiki isiyo na tukio nayo iandikwe kwamba haina. Watu wakizoea kuisoma wakati wa amani, wataiamini wakati wa msiba.

Naomba tuwe na taasisi ya taifa ya afya ya jamii yenye sheria yake, ambayo mkuu wake anaruhusiwa, tena analazimika, kutangaza tukio la kutia shaka ndani ya saa 24 bila kuomba ruhusa ya kisiasa. Kituo cha operesheni za dharura tunacho na wataalamu tunao. Wanachokosa ni kinga ya kisheria ya kusema.

Naomba kila mlipuko ukiisha muuchapishe mwenendo wake kwa kipimo kile ambacho wataalamu wenu wanakijua, cha 7-1-7: siku saba za kugundua, siku moja ya kutoa taarifa, siku saba za kukamilisha hatua za mwanzo. Tuanze na Biharamulo. Tuelezwe siku kwa siku, kuanzia tarehe 9 Desemba: nani aliona, nani aliarifiwa, taarifa ilikaa wapi na kwa nini. Sitaki mtu afukuzwe kazi kwa sababu ya maelezo hayo. Nataka waliobaki kule wajue walikokwama.

Naomba pia waraka wa wazi unaomlinda mtumishi au mhudumu wa jamii aliyetoa taarifa ya kutia shaka kwa nia njema ikaonekana baadaye si mlipuko. Aandikiwe barua ya shukrani. Kengele ya moto ikigongwa kwa makosa, aliyegonga hapigwi.

Mwisho, naomba barua hii ijibiwe hadharani ndani ya siku 42. Ikipita siku hiyo bila jibu, nitaiandika tena na kuipeleka kwa mbunge wetu, na kwa kila baraza la madiwani la mkoa huu litakalokubali kunisikiliza. Mguu wangu mmoja una shida, lakini mabasi yapo.

Yule mama bado yuko kijijini kwake. Tulikutana gulioni mwaka jana, ananunua dagaa. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto. Hakuniuliza tena kuhusu majibu.

Nawasilisha kwa heshima.

Muuguzi mstaafu,
Mkoa wa Kagera.

Nakala:
Waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya vyote vya Kagera
Wahudumu wa afya ngazi ya jamii
Wenyeviti wa vitongoji